Kizuri Hakijiuzi

Wazee walituachia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na heshima zangu zote kwa wazee, hii methali naikataa. Nimeishi Kakuma tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na sasa nafanya kazi na vijana hapahapa. Miaka yote hiyo nimeona vitu vizuri vikikaa kwenye vibanda vyetu hadi jioni bila mnunuzi, na vitu vya kawaida kabisa vikipakiwa kwenye gari huko nje na kuletwa mpaka mlangoni petu, vimeshalipiwa kabla havijafika. Kizuri hakijiuzi. Kuna mtu anakipa leseni, kuna mtu anakikopesha pesa, kuna mtu anakitaja jina mbele ya wakubwa. Kikikosa watu hao watatu, kinalala njaa pamoja na mwenyewe.

Nazungumzia chakula cha semina.

Kila mtu hapa anaijua semina. Unaitwa saa mbili, inaanza saa nne. Karatasi ya kusaini inazunguka, daftari na kalamu zinagawanywa, mwezeshaji anabandika makaratasi makubwa ukutani. Saa saba chakula kinafika: wali, kuku, kabeji, chapati, soda. Kwa wengi wetu, tuseme bila haya, hiyo ndiyo sahani nzito ya wiki nzima, hasa tangu 2025 mgao ulipopunguzwa na sisi tukapangwa kwa makundi, huyu ana shida sana, yule ana shida kidogo, yule mwingine atajua mwenyewe. Hakuna anayeidharau sahani hiyo. Swali langu ni moja, na ni dogo: imetoka wapi?

Mara nyingi imetoka nje ya kambi. Mara nyingine imetoka hadi Lodwar, zaidi ya kilomita 100, imekuja ndani ya gari jeupe.

Mama mmoja jirani yangu, mtu wa Uvira, anapika kwenye kibanda chake Kakuma 1. Watu wanatoka Kakuma 3 kwa miguu kwenye jua kufuata sombe yake. Mama huyu amehudhuria mafunzo ya biashara mara tatu. Tatu! Vyeti vyake vitatu amevifunga kwenye nailoni visiliwe na vumbi. Mafunzo ya mwisho yalihusu biashara ya chakula hasa: usafi, hesabu ya faida, na namna ya kumpata mteja mkubwa. Saa saba ikafika, wakaletewa chakula kutoka nje. Jioni akaniuliza: "Mwanangu, wananifundisha kutafuta mteja mkubwa. Mteja mkubwa si ndiye wao?"

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, swali la mama huyu ni lenu. Mimi nitasaidia kulieleza tu, na ili nilieleze vizuri itabidi niwapeleke kwanza kwenye meza ya Kithai.

Kuna wakati tulipewa pasi za kusafiri, vijana kumi na mmoja, twende Nairobi kwa mafunzo ya wiki moja. Siku ya mwisho waandaaji wakasema wametuandalia chakula cha mchana cha kuagana, chakula cha Thailand. Tukapelekwa kwenye mkahawa ulio kwenye bustani. Hauna kuta. Paa ni la nyasi, nguzo ni magogo ambayo hayajarandwa, chini ni kokoto. Tukakaa kwenye mabenchi ya mbao. Sahani zilikuwa za bati zenye maua pembeni, zile ambazo bibi zetu wanazo. Jikoni kulikuwa wazi, na moshi wa makaa ukatufikia mezani. Mwenzetu mmoja wa Sudan Kusini akaninong'oneza kama jengo bado halijaisha. Mwingine, wa Fizi, akasema pale ni kwa nyanya yake kabisa, hakuna kilichobaki ila kuku wapite chini ya meza.

Afisa aliyetuleta akatuambia anapapenda sana mahali pale kwa sababu ni pa asili. Akasema: "Hapa unajisikia uko kijijini."

Chakula kikaja. Na hapa sitaki mtu anisome vibaya: kilikuwa kitamu, na mpishi sina ugomvi naye. Kulikuwa na supu ya mchaichai na ndimu iliyotutoa machozi. Kulikuwa na mchuzi wa kijani wa tui la nazi, na kuku wa kuchoma. Kulikuwa na ile saladi yao maarufu inayoitwa somtam, ambayo ni papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi, likapondwapondwa kwenye kinu pamoja na pilipili, kitunguu saumu, ndimu, sukari, karanga, nyanya, vikamba vidogo vikavu na mchuzi wa samaki waliochachishwa. Kwenye kinu, ndugu zangu. Kinu na mchi. Tulisikia ule mlio kutoka jikoni kabla hatujaiona sahani, tukacheka wote, kwa sababu hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa ni mlio gani. Na papai bichi, ambalo kwetu hupikwa na mtu aliyekosa mboga, pale lilikuwa na bei ya kushangaza.

Wali wao mmoja unanata, unaletwa kwenye vikapu vidogo vya mianzi, unaukata kwa vidole, unaufinyanga tonge, unachovya. Mhudumu akaanza kutufundisha kwa upole namna ya kula kwa mkono. Sisi! Wakongo, Warundi, Wasudani, Wasomali, tunafundishwa tonge. Sahani zikawekwa katikati, kila mtu anachota kidogo kidogo, na tukaelezwa kwamba huo ndio utamaduni wa Thailand, watu kula pamoja. Tukatikisa vichwa kwa adabu.

Bili ilipokuja nilikuwa nimekaa karibu. Ya watu wote pamoja ilizidi insentivu yangu ya miezi miwili. Ikalipwa bila swali.

Sasa hesabuni pamoja nami. Paa la nyasi, hakuna ukuta, benchi la mbao, sahani ya bati, makaa, kinu, mkono, sahani ya pamoja. Hiyo ndiyo hoteli ya mama wa Uvira. Hizo ndizo hoteli za Wahabeshi kule sokoni kwao, wanaoweka injera moja kubwa katikati na watu watano wanaizunguka. Hizo ndizo hoteli za Wasomali. Lakini ukipeleka jina la hoteli hizi kwenye ofisi inayoandaa semina, utajibiwa kwa maneno ambayo nimeyasikia mpaka nimeyashika kwa moyo: mazingira hayajafikia kiwango. Kule Nairobi kukosa ukuta kunaitwa hewa safi. Huku kukosa ukuta kunaitwa kukosa ukuta.

Mtu ataniambia: wewe kijana, chakula cha Kithai kinajulikana dunia nzima, sombe inajulikana na nani? Swali zuri. Basi tuulize kilijulikanaje.

Hakikujiuza. Ile tambi ya kukaanga inayoitwa pad thai, ambayo leo watalii wanaifikiri ni ya kale, ilienezwa na serikali. Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu wa nchi hiyo kuanzia 1938 hadi 1944, aliwahimiza wananchi wale tambi na waziuze barabarani kwenye mikokoteni. Baadaye sana, mwaka 2002, serikali ya Thailand ikaanzisha mpango wa makusudi wa kuongeza mikahawa ya Kithai katika nchi za nje, wenye mafunzo kwa wapishi na mikopo kwa wanaotaka kufungua. Kwa hiyo chakula cha Kithai ukikikuta kwenye jiji la mbali, ujue nyuma ya utamu wake kulikuwa na wizara, benki na mihuri.

Na wasituambie kwamba jiko la makaa la pembeni ya barabara haliwezi kuheshimiwa. Bangkok kuna mama anaitwa Supinya Junsuta, watu wanamjua kama Jay Fai. Anapika mwenyewe juu ya makaa kwenye kijiduka kilicho wazi kando ya barabara, amevaa miwani mikubwa ya kuzuia mafuta yasimrukie machoni. Desemba 2017 kitabu cha Michelin, kile cha Wafaransa kinachopanga mikahawa bora, kilimpa nyota, heshima ambayo hoteli nyingi zenye mazulia hazijawahi kuipata. Hawakumwambia ajenge ukuta kwanza. Walikuja, wakakaa, wakala, wakahukumu kilichokuwa kwenye sahani.

Lakini Thailand hiyohiyo ina upande mwingine, na sisi watu wa kambi ndio tunaopaswa kuujua kuliko wote. Kwenye mpaka wake na Myanmar kuna kambi tisa za wakimbizi, na za kwanza zilianza 1984. Nchi inayolisha dunia iliwaweka watu hao ndani ya uzio miaka arobaini bila ruhusa ya kutoka kwenda kufanya kazi. Wamezaliwa watoto, wakazaa watoto wao, wote wanasubiri mchele wa msaada. Mwaka 2025 pesa za Marekani zikakatwa, kama zilivyokatwa kwetu, na msaada wa chakula kule ukasimama kwa familia nyingi. Ndipo mwezi Agosti baraza la mawaziri likakubali kwamba wakimbizi waliokaa muda mrefu waruhusiwe kufanya kazi kihalali nje ya kambi. Miaka arobaini! Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ruhusa, na ilikuja baada ya sufuria kukauka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sisi Kakuma ruhusa kwenye karatasi tunayo. Kenya ilipitisha Sheria ya Wakimbizi mwaka 2021, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, ambao unasema kambi ziwe makazi ya watu wanaojitegemea pamoja na wenyeji wao. Neno kujitegemea limeandikwa kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye kofia. Utafiti wa IFC uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba uchumi wa Kakuma, kambi pamoja na mji, unakaribia shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na ulihesabu biashara zaidi ya 2,000. Kila mgeni anayekuja hapa anaelezwa habari hizo kwa fahari. Kisha saa saba inafika, na fahari yote inapandishwa kwenye gari kwenda kuchukua wali nje.

Nimeuliza kwa nini. Nimepewa sababu tatu, na nitazijibu zote kwa haki, maana si za kipuuzi.

Ya kwanza ni usafi. Ni kweli, ule mkahawa wa Nairobi ulikuwa na bomba la maji na friji. Tofauti ya kweli kati yake na kibanda cha mama haipo kwenye nyasi wala kwenye benchi, ipo kwenye bomba na kwenye cheti cha afya cha mpishi. Sawa. Basi tuzungumzie bomba na cheti. Mlete afisa wa afya akague vibanda kumi. Vikianguka saba, vimebaki vitatu, anzeni na hivyo. Lakini kukataa bila kuja kuangalia si usafi, ni uvivu uliovaa glavu. Na nikumbushe jambo moja. Chakula kinachotoka Lodwar kimepikwa asubuhi na mapema, kimefunikwa, kimesafiri kwenye joto mnalolijua. Chungu cha mama kinatoka motoni saa sita na nusu na kuliwa saa saba. Nani hapo ana hatari zaidi ya tumbo?

Ya pili ni risiti. Hii ndiyo nzito. Tangu 2024 ofisi zinadai risiti ya eTIMS kwa ajili ya kodi, na mama hana. Wahasibu nawaelewa, wao pia wana wakaguzi wao. Lakini shirika hilohilo linatoa mafunzo ya biashara wiki nzima! Badala ya cheti cha nne, siku moja ya mafunzo hayo itumike kuwakalisha wapishi sita kama kikundi, wasajiliwe, wapate leseni ya kaunti, wapate namba ya KRA, wafundishwe kutoa risiti kwa simu ya mmoja wao. Mkimbizi mwenye kitambulisho cha mgeni anaweza kupata hiyo namba. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye dirishani mpaka imalizike. Vijana waliomaliza fomu four wapo tele, wanajua simu kuliko wahasibu. Nitawaleta mimi.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: kwamba tukiwapa kazi wapishi wa kambi, wenyeji Waturkana watalalamika. Ndugu, naheshimu sana neno hilo, kwa sababu hii ardhi ni yao na jua linatuchoma pamoja. Lakini mama wa Uvira anapikia makaa ya nani? Ya mama wa Kiturkana anayeyabeba kichwani. Mbuzi ni wa nani? Wa Waturkana. Shilingi ikiingia kwenye kibanda kile asubuhi, kufikia jioni nusu yake imeshavuka kwenda kwa jirani. Shilingi ikienda Lodwar haivuki kwenda kwa yeyote hapa, awe mkimbizi au mwenyeji. Tena kikundi cha wapishi kinaweza kuwa cha mchanganyiko, watatu wa kwetu na watatu wa kwao. Kama mnataka jambo la kuandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha kuishi pamoja kwa amani, hilo hapo, na lina harufu ya nyama.

Sasa nigeuke upande wetu, maana nikiwasema mashirika peke yao nitakuwa mnafiki.

Sisi wenyewe tunakidharau. Kijana akioa hapa kambini, kamati inakaa na kusema sombe si chakula cha harusi. Chama cha vijana kikipewa pesa kidogo za sherehe ya siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, kinakimbilia chipsi na soda kutoka mjini, halafu jukwaani tunacheza ngoma za asili na kupiga makofi kuhusu utamaduni wetu. Utamaduni gani ambao unachezwa lakini hauliwi? Muhogo wenyewe tunaouonea haya ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, babu zetu wakaufanya wao. Pilipili ya Wathai nayo ilitoka Amerika hivyohivyo, na leo nani atawaambia si yao? Wathai ni wauzaji wakubwa wa muhogo duniani, wanaupeleka China kwa meli. Mti uleule tunaouona wa maskini, wenzetu wanajengea nao nyumba.

Na wapishi wetu nao wanisikilize, mama zangu na dada zangu. Mteja mkubwa ana masharti. Ukisema sahani hamsini saa saba, ziwe hamsini saa saba, si arobaini na tatu saa tisa na maelezo ya mtoto aliyeumwa. Nywele zifungwe. Maji ya kunawa yawepo, na sabuni. Bei uliyoitaja Jumatatu isibadilike Jumatano kwa sababu umeona gari jeupe.

Kwa hiyo nadai nini? Nadai mambo machache yanayowezekana mwezi huu, bila mradi mpya na bila mgeni kutoka ng'ambo.

Kila shirika linalofanya semina hapa linunue ndani ya kambi angalau mlo mmoja kati ya kila miwili. Afisa wa afya aje aone kabla ya ofisi kukataa. Wapishi wasajiliwe kwa vikundi ili risiti iwepo. Walipwe nusu mbele na nusu siku ileile, maana mpishi anayenunua mafuta kwa deni hawezi kusubiri malipo ya miezi miwili. Na kwenye ile karatasi ya ratiba, pale panapoandikwa "saa saba: chakula", liandikwe jina la aliyepika. Mwezeshaji jina lake linaandikwa, tena na cheo. Aliyetulisha pia ana jina.

Mnatuambia kila siku kwamba msaada unapungua na tujifunze kusimama. Tumesikia. Mtu anayejifunza kusimama anahitaji pahali pa kushika, na ninyi mnapita mbele yetu kila wiki mkiwa na oda ya sahani hamsini mkononi. Hiyo si sadaka ninayoomba. Pesa hizo tayari mnazitumia, na tayari zimeandikwa kwa jina letu, wanufaika hamsini, chakula cha mchana. Nawaomba tu zisipite Kakuma kama basi lisilosimama.

Semina inayofuata kwa vijana wa kitengo changu iko mwanzoni mwa mwezi. Orodha ya vibanda vitano ninayo, namba za simu za wapishi ninazo, na mama wa Uvira amesema anaweza sahani sitini. Afisa anayeniambia hapafai, nitamwomba jambo moja: aje akae kwenye benchi, ale, ndipo aniambie.